Kusi Lilipotupeleka Nairobi

Mashua ya mume wangu iko ufukoni hapa Lamu tangu Juni. Kusi likivuma hivi bahari huchafuka, na wageni wa kuzungushwa Manda na Matondoni hupungua. Shule nayo imefungwa, kwa hiyo mimi mwalimu sina udhuru. Watoto tukamwachia bibi yao, tukasema siku tatu, Nairobi, mimi na yeye tu. Ndoa ina miaka 11, na safari zetu zote za pamoja zilikuwa za harusi, matanga au hospitali.

Alfajiri tulivuka hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda basi hadi Mombasa, tukalala kwa shangazi. Kuhusu basi sina la kusema, mgongo wangu umeshasema. Ila treni! Reli hii ilianza kubeba abiria 2017 na sisi hatukuwahi kuipanda. Baba watoto alikaa dirishani, na tulipoingia Tsavo akawa anahesabu ndovu wenye vumbi jekundu. Alifika wanane. Mimi nilisema wa nane ni jiwe, tukabishana hadi Mtito Andei.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwezi wa Agosti jua huko huweza kushinda nyuma ya mawingu. Hayo nawafundisha watoto darasani kila mwaka. Mwili wangu ulikuwa haujahudhuria somo. Tuliposhuka Syokimau upepo ulipita ndani ya buibui kama hauoni kitambaa. Mwenzangu, na shati lake la mikono mifupi, akasema, "Hini si baridi, hini ni adhabu."

Kesho yake tulianzia Gikomba, kwenye mitumba. Alijichagulia sweta la kijani lenye vifungo. Vifungo vyenyewe vilikuwa upande wa kike. Nikanyamaza, maana lilimpendeza.

Nyumba ya wageni tuliyofikia iliandika ukutani kuwa ina maji ya moto usiku na mchana. Bomba lilikuwa na baridi za aina mbili, ya kawaida na ya hasira.

Tulipanda juu ya KICC, jengo la 1973, tukaona mji hadi unapomezwa na ukungu. Wenzetu wanapiga picha, yeye anauliza bahari iko upande gani. Adhuhuri aliswali msikiti wa Jamia, akatoka na mtu wa Siu waliyejuana marikiti ya Lamu. Huyo ndiye aliyetuonyesha pa kupata pilau.

Lakini niliyotaka kuandika ni habari ya kutembea.

Kwetu vichochoro ni vyembamba. Mume hutangulia, mke hufuata, na akikusemesha hukusemesha kwa kisogo. Nusu ya maneno huchukuliwa na upepo, nusu na punda. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Pale Moi Avenue tulisimama kuvuka barabara. Sisi ni watu wa kisiwa cha magari ya kuhesabika, na matatu zilikuwa zinakuja kama zimetumwa kutuua. Akanishika mkono, au mimi ndiye niliyemshika, hatujakubaliana bado. Tukavuka. Ng'ambo ya pili hakuuachia. Baridi, alisema.

Tukatembea sako kwa bako, sweta la kijani na buibui, hadi bustani ya Uhuru. Kumbe huyu mtu huongea akitembea! Akanisimulia kwamba mwaka juzi foromali, ule mti unaobeba tanga, ilimvunjikia kwenye mlango wa Shela, tanga likaanguka majini na wageni wanne wamo chomboni, na usiku ule alikuja nyumbani akala wali wa nazi kama kwamba hapana kitu. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akafikiri kidogo. "Hukuniuliza, mama watoto. Na wali ulikuwa mtamu." Nilikasirika hadi tulipofika kwa muuza mahindi ya kuchoma, kisha nikamega hindi, nikampa nusu kubwa.

Jana tumeteremka gatini Lamu magharibi ikiadhiniwa. Joto likatupokea, sweta likaingia mfukoni. Kwenye kichochoro chetu akatangulia na begi, mimi nyuma. Pale njia inapopanuka karibu na kisima akasimama. Nikadhani ananingoja.

Kumbe anampisha punda wa mchanga. Nami nikasimama ubavuni mwake hadi punda akapita.