Nilivyolinda Mikimbio 312 kwa Mpira Mkuukuu

Kwa miaka mingi wakubwa wangu katika kriketi wamekuwa wakiniambia kwamba zamu ya nne, yaani zamu ya mwisho ya upigaji katika mechi, hujilinda yenyewe: ukiwapa wapinzani lengo kubwa, pichi (ule ukanda wa katikati unaochezewa) imechakaa na miguu yao imechoka, nahodha hana kazi ila kusubiri wiketi zianguke, yaani wapigaji watolewe mmoja mmoja. Ova ya 80 ikitimia (ova ni mirusho sita ya mrushaji mmoja), nahodha anaruhusiwa kuomba mpira mpya, nao, wanasema, haucheleweshwi. Ushauri huo uliniponza, nami sitaki umponze mwingine.

Ilikuwa mechi ya siku tatu jijini Nairobi, na tulikuwa tumewawekea wageni lengo la mikimbio 291. Baada ya ova 80 walikuwa na 198 kwa wiketi sita, tena wakihangaika, kwa sababu mpira uliokwisha kulainika haukuwa ukifika kwenye bati kwa kasi waliyoipenda. Nikaomba mpira mpya. Mwamuzi alipoufungua, nilimwona mpigaji wao aliyekuwa amekwisha kuizoea pichi akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nikapuuza. Mpira mgumu juu ya nyasi zilizokauka hukimbia wenyewe: alioukwaruza kwa ukingo wa bati ulipita juu ya slipu zangu tatu, wale walinzi wanaosimama nyuma ya mpigaji, hadi mpakani, na aliousukuma taratibu haukukutana na mtu yeyote. Katika ova 11 hivi ilitoka mikimbio kama 70. Nilipowatawanya walinzi ili kuzuia mikimbio minne ya mpira unaofika mpakani, akaanza kuchukua mmoja mmoja kila alipotaka. Tulishindwa kwa wiketi tatu, na usiku ule sikulala.

Nilichokuwa nimekosea nilikiona waziwazi Agosti 2025, nilipokuwa nikifuatilia mechi ya Test (ya kimataifa ya siku tano) ya Uingereza na India katika uwanja wa The Oval, London. India ilikuwa ikilinda 374. Harry Brook na Joe Root wa Uingereza walikuwa wameongeza 195 pamoja, kila mmoja akifunga mia, na asubuhi ya siku ya tano Uingereza ilihitaji 35 tu ikiwa na wiketi nne mkononi. Ova ya 80 ikapita. Nahodha Shubman Gill hakuuchukua mpira mpya, kwa kuwa ule mkuukuu ulikuwa bado unapinda hewani. Mohammed Siraj, aliyerusha zaidi ya ova 30 katika zamu ile peke yake, aliendelea kuutua palepale, na mpira wake wa mwisho ukapiga vijiti vilivyokuwa nyuma ya mpigaji Gus Atkinson. India ilishinda kwa mikimbio sita. Niliinuka kitini nikipiga kelele peke yangu sebuleni.

Miezi michache baadaye nilikabidhiwa tena unahodha, safari hii tukilinda 312. Tangu ova ya 30 niliagiza watu wawili tu, wenye viganja vikavu, ndio waushughulikie mpira. Wengine wote waurudishe kwao wakiushika kwenye mshono. Upande mmoja tuliusugua kwenye suruali bila kuchoka, upande wa pili tuliuacha ukwaruzike na pichi, bila tone la jasho. (Mate yamekwisha kupigwa marufuku, kwa hiyo mwenye mazoea ya zamani ajihadhari.) Kufikia ova ya 60 mpira ulianza kupinda kinyume, yaani kuufuata upande unaong'aa, na ulifanya hivyo kwa kuchelewa, karibu kabisa na miguu ya mpigaji.

Ova ya 80 wageni walikuwa na 261 kwa wiketi saba. Mzee mmoja alisimama kando ya uwanja akinipungia mikono nichukue mpira mpya. Nilimwamkia kwa heshima wakati wa mapumziko ya maji, lakini sikumtii. Nilibakiza slipu moja, wengine nikawapanga katika pete ya karibu, na mpigaji wao mkubwa nikamnyima ule mkimbio mmoja wa bure. Hapo nilikuwa nikikumbuka Leeds, 2019, ambako Ben Stokes na Jack Leach waliongeza 76 katika wiketi ya mwisho dhidi ya Australia, huku Leach akifunga mmoja tu. Nahodha anayemwachia mikimbio mpigaji aliyezoea pichi ili auvizie mkia, yaani wapigaji dhaifu wa mwisho, huwa amemkabidhi mechi, na hilo naliamini kwa moyo wote.

Mpigaji wao huyo mkubwa alivumilia ova tatu bila mkimbio. Katika ya nne alijaribu kuupiga kuvuka pete, mpira ukaingia ndani kwa kuchelewa, na nikausikia mlio wa kijiti cha kati kabla sijakiona kikilala. Wageni waliishia 298. Mpira mpya, ambao bei yake ilikaribia nauli yangu ya wiki mbili, nilirudi nao nyumbani ukiwa bado ndani ya karatasi yake.