Kisu cha Apollo na Fimbo ya Koloni

Kati ya wachoraji wa Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya ya karne ya 17, sijaona aliyeyakazia macho maumivu ya mwili kama Jusepe de Ribera, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1591 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake Naples, mji uliokuwa chini ya utawala wa Hispania. Michoro yake ya karatasi, ya chaki nyekundu au ya kalamu na wino, hurudia mara kwa mara umbo la mtu aliyefungwa kwenye mti, viungo vimepinda, misuli imekakamaa. Katika mingi ya michoro hiyo mtesaji hayumo kabisa.

Katika picha yake ya rangi ya mwaka 1637, iliyoko Naples hadi leo, mtesaji yumo. Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki wa kale, anamchuna ngozi Marsyas, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi aliyethubutu kushindana naye katika muziki. Marsyas amelazwa kichwa kikiwa chini, kinywa wazi, macho yametuelekea sisi. Apollo ameinama juu yake akiwa na uso mtulivu, kama mtu anayefungua barua.

Utulivu huo unatisha kuliko damu. Wachongaji wa kale walimpa mtumwa kazi hiyo: sanamu mashuhuri iliyoko Florence, ya mtu aliyechuchumaa akinoa kisu, inamwonyesha mtumwa Mskithi, mtu wa kabila la kale la nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, anayejiandaa kumchuna Marsyas kwa amri ya mungu. Ribera alimwondoa mtumwa, kisu akakitia mkononi mwa Apollo mwenyewe.

Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, tunaujua mpangilio ule wa kale. Katika miaka ya 1970, picha ziitwazo Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji, zilitundikwa katika sebule nyingi za mji huu, na Tshibumba Kanda Matulu ni mmoja wa waliozichora: mfungwa amelala kifudifudi, askari Mwafrika ndiye anayeinua fimbo, na Mbelgiji amesimama kando akitazama, mikono yake safi. Kwa maoni yangu wachoraji wetu waliuelewa utawala kuliko Ribera, kwa kuwa mamlaka ya koloni yalitenda hivyo hasa, kwa mkono wa mtu mwingine. Hata hivyo namheshimu Ribera kwa jambo moja ambalo picha zetu hazikuweza kulifanya bila kuipotosha historia: alimnyima mwenye nguvu mtu wa kumsingizia.