Dungu la Köln

Mtu wa kwanza kunikabidhi darubini maishani alikuwa mzee wa miaka 86, dakika chache tu baada ya mimi kumaliza kumvalisha soksi. Ilikuwa Februari 2019, Köln, Ujerumani, ng'ambo ya kulia ya mto Rhein, upande ambao wenyeji huuita Schäl Sick, yaani upande wa makengeza. Nilikuwa nasomea uuguzi wa wazee, mwaka wa pili, na zamu yangu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili, kukiwa bado giza. Mzee yule aliniita Schwester, dada, kama wazee wa Kijerumani wanavyowaita wauguzi wote. Mimi mdomoni nilimwita Herr, bwana, na jina lake la ukoo. Rohoni nilimwita Babu.

"Tazama mnara wa kanisa, dada. Tundu la pili kutoka juu."

Nikatazama. Niliona matofali, kisha sanduku la mbao lililofungwa kwenye tundu la mnara, kisha ndani ya sanduku shingo ndefu ya hudhurungi na jicho lililozungukwa na doa jeusi, kama la mtu aliyepigwa ngumi jana yake. Nikacheka kwa sauti.

"Huyu namjua! Huyu ni wa kwetu!"

Babu hakucheka. "Huyo ni mwizi," akasema.

Kwetu ni Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, jirani na Ziwa Manyara. Ndege yule ni bata bukini, na sisi watoto wa majaruba tulikuwa na ugomvi naye wa miaka mingi. Kabla ya kwenda shule tulipanda dunguni kuamia mpunga. Adui mkubwa alikuwa kweleakwelea, ambao hushuka kama wingu, lakini bata bukini walikuwa na uharibifu wao: hutembea wawili wawili ndani ya maji, taratibu, kama mabwana shamba waliokuja kukagua, na nyuma yao miche yote imelala. Bibi alinisukia kombeo la katani. Udongo wa mfinyanzi tulifinyanga vidonge, tukavianika juani, na nikifyatua kimoja kilikuwa kinalia hewani kabla hakijatua. Sikumbuki kama niliwahi kumpiga hata mmoja. Kazi ilikuwa kelele.

Mwenye haki ya lile sanduku, kwa hesabu ya Babu, alikuwa kozi, ndege mwindaji. Kijerumani wanamwita Wanderfalke, kozi mtangaji. Jina lenyewe lilinichekesha nilipojua kwamba kozi wa Köln hawatangi kokote: mke na mume wanakaa pale pale kiangazi na baridi, maana njiwa wa mjini hawaishi. Kozi hajengi kiota. Anataka jabali lenye kitako cha changarawe akwangue kishimo na kutaga mayai matatu au manne. Mjini jabali ni mnara wa kanisa au dohani la kiwanda, na kwa kuwa minara haina changarawe, watu huwawekea sanduku lenye changarawe ndani.

Babu aliwajua tangu zama za shida. Ujanani kwao, Ujerumani ya kusini, katika milima ya Schwäbische Alb, yeye na wenzake walikuwa wakilala chini ya majabali usiku na mchana, kwa zamu, bila kulipwa senti, kulinda makinda yasiibwe na watu wa kuyafuga kwa uwindaji. Wezi wa mayai nao walikuwepo. Lakini mwizi mkubwa hakuhitaji kamba wala ngazi. DDT, dawa ya kuua wadudu iliyopulizwa mashambani, iliingia kwa wadudu, ikaingia kwa ndege wadogo, ikajikusanya kwa kozi anayewala, na maganda ya mayai yake yakawa membamba hata mama akikaa kuatamia yanapasuka chini yake. Ujerumani Magharibi ilipiga DDT marufuku 1972. Huku kwenye jimbo ilimo Köln kozi walikuwa wameshatoweka kabisa, wakarudi tu miaka ya 1980. Babu alikuwa akinisimulia haya huku nikimpima presha, na presha ilipanda kweli, nikalazimika kusubiri apoe ndipo niandike.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kozi si ndiye yule anayeshuka angani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa? Anashindwaje na bata?

"Angani," akasema. "Ndani ya sanduku kuna anga?"

Ndiyo hivyo. Kozi jike ni kilo moja na kidogo, dume hata hiyo hafiki. Bata dume anapita kilo 2, na kwenye kiungo cha bawa ana kifundo kigumu anachopigia. Akishakaa ndani, uso umeelekea nje, kozi atapita mara kumi akipiga kelele na hatathubutu kuingia, kwa sababu bawa likivunjika hakuna wa kumlisha. Bata anawahi msimu, anaatamia karibu mwezi mzima, na akija kutoka na vifaranga vyake mwaka wa kozi umeshapotea.

Kulikuwa na kikundi cha kujitolea, watu wanne, wote wastaafu isipokuwa fundi seremala mmoja. Babu ndiye aliyenipeleka kwao, kwa simu, bila kuniuliza. Yeye miguu ilikuwa imekwisha kazi, alihitaji ya kuazima. Kibali kilikuwa kimeshatoka, maana pale huwezi kugusa kiota cha ndege kwa kujiamulia. Kiliruhusu kusafisha sanduku na kulirekebisha endapo tu hakuna yai. Jumamosi ya kwanza ya Machi tukakutana mlangoni pa kanisa, baridi ikikata masikio.

Mmoja wao, mama mchangamfu mwenye keki kwenye mkoba, akanipa mkono na kusema, "Afadhali umekuja. Wewe utaongea nao, ni watu wa kwenu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kile kicheko cha mtu aliye peke yake. Hakuwa na ubaya, na keki yake ilikuwa nzuri. Lakini ngazi zote za ule mnara nilipanda na maneno yale. Bata hawa mababu zao waliletwa Ulaya kupamba mabustani ya wenye nazo. Wakatoroka, mwaka 1967 walianza kuzaa uraiani kule Uholanzi, kisha wakaufuata Rhein kupanda juu, mji kwa mji. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliwaandika kwenye orodha ya viumbe wageni wavamizi. Bata aliyeanguliwa Köln, mtoto wa bata aliyeanguliwa Köln, bado ni mgeni. Mimi mwenyewe mfukoni nilikuwa na kadi ya ukaazi yenye tarehe ya kwisha.

Tulipita kengele, tukapanda ngazi ya mwisho ya mbao, yenye mavi ya njiwa yaliyokauka kama chokaa. Nyuma ya sanduku kulikuwa na kilango kidogo chenye komeo. Seremala alikuwa mtu mnene na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja mwembamba. Wote wakanigeukia.

Nikafungua komeo.

Alikuwa hapo, mkono mmoja kutoka usoni kwangu. Sijawahi kumwona bata bukini kwa karibu vile. Dunguni siku zote walikuwa mbali. Manyoya ya kifua yalikuwa na vistari vyembamba kama kitambaa kilichofumwa kwa subira, na katikati ya kifua lile doa la hudhurungi. Mdomo wa waridi wenye ukingo mweusi. Jicho la rangi ya chungwa halikupepesa. Alikuwa dume: nilijua kwa sauti, kwa sababu jike hupiga baragumu na dume hana sauti, ana mfoko tu, kama jiko la mchina linaloishiwa mafuta. Alinifokea hivyo, shingo chini, mabawa yamefunguka akajaa sanduku zima. Jike akaanza kupiga baragumu juu ya paa.

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Hoooya! Hoya-hoya-hooo!" Kelele ya majaruba, ya saa kumi na mbili asubuhi, ambayo sikuwa nimeitoa kwa miaka kumi na zaidi. Kwenye mnara wa matofali ikazunguka na kurudi kubwa mara tatu. Dume akarudi nyuma hatua mbili, akafika ukingoni, akajiachia. Chini yangu mama wa keki alikuwa ameshika kifua.

"Umewaambia nini?" akauliza.

"Kuna moto shambani," nikamdanganya.

Hapakuwa na yai. Kulikuwa na kishimo na manyoya laini kidogo ambayo jike alikuwa ameanza kujinyofoa. Nikayatoa kwa mkono, yalikuwa bado na joto, na sitasema uongo kwamba nilijisikia vizuri. Kisha nikamwaga changarawe mpya, seremala akanipitishia ubao, nikaupigilia mbele ya sanduku ukaacha tundu la upande mmoja tu. Hesabu ilikuwa kwamba bata hupenda mlango mpana, na kozi atapita penye nafasi ndogo.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa ya kuamia. Tulipeana zamu chini ya mnara, na daftari. Mimi nilichukua asubuhi za siku zangu za mapumziko. Babu alichukua saa zote nyingine, dirishani, blanketi magotini. Bata walirudi siku ileile. Dume alisimama juu ya paa la sanduku siku tatu mfululizo akiufokea mji. Siku ya nne kozi jike alitokea mgongoni mwa jua. Sikumwona akija. Nilisikia kitu kama nguo inayochanwa, dume akajilaza bapa juu ya paa, na kozi alikuwa ameshapita, ameshapanda tena, anageuka kwa mara ya pili. Ya pili ilitosha. Niliandika saa kwenye daftari kwa vidole vinavyotetemeka, na jioni Babu akanigombeza kwamba nimekosea kwa dakika nne.

Mwisho wa Machi kozi wakataga. Mapema Mei wakaangua makinda matatu, meupe kama pamba, yenye sauti mbaya. Babu aliyatazama wiki nzima bila kutoa sifa yoyote, kisha akaniuliza kama nimebadilisha betri ya kifaa chake cha masikio.

Bata hawakwenda mbali. Walitaga juu ya paa bapa la jengo la kuegeshea magari, jirani na kanisa, mahali ambapo hakuna kibali kilichowahi kuwaza. Nilikutana nao mwezi uleule Poller Wiesen, majani ya kando ya Rhein, nikiwa natembea kuelekea zamu ya usiku. Walikuwa wamekamata njia yote, baba mbele, mama nyuma, vifaranga saba katikati. Nilitazama kushoto na kulia, hapakuwa na mtu. Nikainua mkono kama mwenye kombeo.

Dume akashusha shingo, akanifokea.

Nikapisha. Majani yalikuwa na umande, na nikafanya kazi usiku mzima na soksi mbichi.