Kabla ya Kulipia Tiketi, Ulizia Sentimita

Ukipiga simu hotelini au kwenye ukumbi wa burudani ukauliza, "Mtu wa kitimwendo anaweza kufika kwenu?" utajibiwa ndiyo karibu kila mara. Anayejibu hana nia mbaya. Anaukumbuka mlango mpana wa mbele na sakafu iliyo sawa, basi anaona hakuna shida. Vidato viwili vya kushukia msalani havimjii akilini kwa sababu huvipita kila siku bila kuvihesabu. Swali la ndiyo au hapana ndilo linaloharibu safari nyingi. Uliza swali ambalo jibu lake ni namba, kisha omba picha.

Ila huwezi kuulizia vipimo vya mlango kabla hujajua vya kiti chako. Chukua futi ya kupimia, kaa kwenye kiti, na mtu akusaidie kupima. Upana upimwe pale kiti kilipotanuka zaidi. Kwa kiti cha kusukuma, hapo ni kwenye vyuma vya kushikia vilivyo nje ya matairi, si kwenye kikalio. Kiti chenye kikalio cha sm 42 kwa kawaida hufika sm 60 hadi 65 kwa jumla, na vidole vyako vinahitaji sm chache zaidi kila upande, la sivyo utaacha ngozi kwenye fremu. Urefu uanzie nyuma ya tairi hadi ncha za viatu, maana viatu hutokeza mbele ya vikanyagio. Kimo cha kukalia kipimwe ukiwa umeukalia mto, si mto ukiwa mtupu. Kama kiti ni cha umeme, jua na uzito wake: vingi huanzia kilo 50 na vipo vinavyopita 150. Weka yote kwenye simu pamoja na picha ya kibandiko cha betri.

Sasa mlango. Nafasi wazi ya sm 80 inatosha viti vingi. Neno "wazi" lisisitizwe, kwa sababu watu hupima ubao wa mlango. Mlango ukifunguliwa, unene wa ubao na bawaba hula nafasi, na mlango wenye ubao wa sm 80 unaweza kubakiza sm 75 za kupita. Mwambie anayepima aufungue mlango nyuzi 90, apime kutoka uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili. Lifti iulizwe vipimo viwili: mlango, na kina cha ndani. Ndani ikiwa sm 110 kwa 140, kiti cha kawaida kinaingia lakini hakigeuki, kwa hiyo utatoka kinyumenyume. Kugeuka mzunguko kamili kunataka eneo la takriban sm 150.

Njia ya mteremko ina hesabu yake, na hesabu hiyo inafaa kukaririwa: kila sm 1 ya kupanda inahitaji sm 12 za urefu. Kidato kimoja cha sm 15 kinataka mteremko wa sm 180. Ukiambiwa "tuna ubao, tutakuwekea," uliza urefu wake. Ubao wa sm 60 kwenye kidato hicho ni mwinuko wa moja kwa nne. Hapo magurudumu ya mbele yananyanyuka, vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kiti kisipinduke vinakwama sakafuni pale ubao unapoanzia, na msukumaji akizidisha nguvu kiti kinaangukia mgongo. Afadhali kupandishwa kidato chenyewe kwa utaratibu: kiti kielekee mbele, kiinamishwe nyuma hadi magurudumu madogo yakae juu ya kidato, kisha matairi makubwa yasukumwe yapande. Kushuka ni kinyume chake: kinyumenyume, matairi makubwa yatangulie. Na wanaosaidia wakamate fremu au mishikio ya nyuma. Sehemu za kuwekea mikono na vikanyagio vimetengenezwa kuchomoka, na vitachomoka mikononi mwao wewe ukiwa hewani.

Chumba cha kulala hakinipi wasiwasi sana. Bafu ndilo linaloamua kama utakaa siku tano au utaondoka kesho yake. Omba picha tatu: moja kutoka mlangoni, moja ikionyesha choo na ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia, futi ya kupimia ikiwa imelazwa sakafuni. Unatafuta nafasi ya sm 80 hadi 90 ubavuni mwa choo ili kiti kikae sambamba nacho, na lazima iwe upande unaouweza. Mwenye nguvu mkono wa kushoto tu hawezi kutumia bafu lililopangwa kwa wa kulia, hata lingekuwa na vyuma vya kushikia kila mahali. Kimo cha choo cha sm 43 hadi 48 hukaribiana na kimo cha viti vingi. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, utaingia kisha ushindwe kuufunga, na ukianguka nyuma yake hakuna atakayeweza kuusukuma. Bafu la kuogea liwe la sakafu moja bila kizingiti, na kiti cha kuogea kiwe kimefungwa ukutani au kiwe na miguu minne imara. Hicho cha plastiki cha bustanini kitateleza.

Kitanda nacho kina mtego wake. Magodoro manene ya kisasa hupandisha kitanda hadi sm 65 au zaidi, wakati wewe umekaa sm 50. Kushuka ni rahisi, kupanda ni kazi. Anayenyanyuliwa kwa mashine aulizie pia uwazi ulio chini ya kitanda, kwa sababu miguu ya mashine hupita humo. Ukipata chumba kinachokufaa, pata maandishi kwamba chumba hicho hasa ndicho ulichopewa, namba yake ikiwepo. Ombi tu la "chumba cha wenye ulemavu" si ahadi, na mgeni aliyefika saa moja kabla yako anaweza kupewa.

Usafiri wa ndege ndio unaohitaji maandalizi marefu kuliko yote, maana hapo unatenganishwa na kiti chako. Toa taarifa angalau saa 48 kabla; muda huo ndio uliomo kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya, na sheria ya Marekani nayo inauruhusu kwa baadhi ya huduma. Mashirika hutumia misimbo mitatu, na ukiijua hutapewa msaada usio wako. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini si mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kutembea kabisa, anafikishwa hadi kwenye siti yake. Wengi hupewa WCHR kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye orodha, halafu mlangoni hakuna kile kiti chembamba chenye mikanda kinachopita kati ya siti.

Betri: zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa (Wh). Betri ya volti 24 na ampea-saa 10 ni Wh 240. Ya lithiamu inayochomolewa huingia nawe kwenye chumba cha abiria na isizidi Wh 300. Kiti chenye betri mbili, kila moja isizidi 160. Ncha zake zifunikwe kwa selotepu zisigusane na chuma. Betri za jeli zilizofungwa vizuri hubaki kwenye kiti. Ulizia pia kimo cha mlango wa mizigo. Kwenye Boeing 737 hakifiki sm 90, kwa hiyo kiti cha umeme ambacho mgongo wake haukunjiki watakilaza ubavu, na hapo ndipo jostiki, kile kijiti cha kukiendeshea, huvunjika.

Omba kubaki kwenye kiti chako hadi mlango wa ndege, na kiletwe hapohapo mkitua. Kabla ya kukiachia, chomoa kila kinachochomoka: mto, vikanyagio, ngao za pembeni, jostiki ikiwezekana. Vyote viingie nawe. Bandika karatasi kwenye mgongo wa kiti, iandikwe kwa herufi kubwa jinsi ya kuachia breki, mahali pa kushika wakati wa kunyanyua, na pasiposhikwa. Piga picha pande zote nne palepale, saa ikionekana. Matairi ya upepo hayahitaji kupunguzwa upepo, kwani sehemu ya mizigo ina mgandamizo wa hewa sawa na kwa abiria. Ila mto wa hewa ukiukalia ndani ya ndege una habari nyingine: hewa ya mle ni kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, na mto unavimba na kuwa mgumu. Punguza hewa kidogo mkishapanda juu, na ujaze tena mkitua. Ukisahau kujaza utakalia ubao bila kujua, na kidonda cha mgandamizo huanzia hapo. Jinyanyue au egemea ubavu kila nusu saa, hata kama jirani anashangaa.

Siti nyingi za pembeni mwa njia zina mkono unaonyanyuka, lakini kitufe chake kimefichwa chini, karibu na bawaba. Mfanyakazi asipokijua, muonyeshe kabla hawajaanza kukupitisha juu ya mkono huo. Ndege zenye njia moja tu kati ya siti mara nyingi hazina choo utakachokitumia, hivyo mwaga mfuko wa mkojo dakika za mwisho kabla ya kupanda. Usijinyime maji kutwa nzima. Mkojo mzito huleta maambukizi, na safari huishia hospitalini. Wewe hushuka wa mwisho, kwa hiyo kuunganisha ndege kwa chini ya saa mbili mimi siwezi kumshauri mtu.

Mkitua, kagua kiti kabla hujatoka uwanjani. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakihesabu kiti kama mzigo, na tangu 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kiasi ambacho hakikaribii bei ya viti vingi vya umeme. Kikomo hicho kinaweza kupandishwa kwa tamko maalumu la thamani unalolijaza wakati wa kukabidhi mzigo, pengine kwa malipo ya ziada. Watu wachache hulijaza, na kwenye kaunta ni nadra kukumbushwa. Malalamiko ya uharibifu yawe ya maandishi ndani ya siku 7.

Tukija kwenye burudani. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inataja kwa majina kumbi za maonyesho, makumbusho, sinema na huduma za utalii. Starehe ni haki iliyoandikwa, kwa hiyo usiulize kana kwamba unaomba hisani.

Swali la kwanza la ukumbi au uwanja ni hili: watu wa mbele yangu wakisimama, nitaona nini? Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti yako sm 110 hadi 125 kutoka chini. Mabega ya mtu mzima aliyesimama yamekwisha kuyapita. Nafasi ya vitimwendo isipoinuliwa juu ya safu ya mbele yake, utanunua tiketi ya kutazama migongo, na goli utalisikia tu. Swali la pili: mwenzangu anakaa wapi? Akae ubavuni, si safu ya nyuma. La tatu, kwa anayehamia siti ya kawaida: kiti changu kitawekwa wapi? Kikipelekwa stoo, wewe huendi popote mpaka mtu akumbuke kukileta. Nafasi hizi mara nyingi hazionekani kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, huuzwa kwa simu. Kwenye sinema, nafasi ikiwa safu ya kwanza kabisa shingo italipa. Chagua ukumbi mwingine wa jengo hilohilo kama upo.

Tamasha la wazi huongeza nyasi, matope na nyaya. Magurudumu madogo ya mbele ya sm 10 hadi 15 huzama au hukwama kwenye kifuniko cha waya, na kiti husimama ghafla wewe ukiendelea mbele. Inamisha kiti kwa nyuma ukipita hapo, au funga gurudumu la ziada la mbele linaloyanyanyua yale madogo. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu mara nyingi hatoki jasho chini ya jeraha, hivyo joto humpanda upesi: kivuli, na chupa ya kunyunyizia maji usoni na shingoni.

Majengo ya kale yasikutishe mapema. Akropoli ya Athens, juu ya mwamba wake, ilifungua lifti mpya Desemba 2020. Mara nyingi njia ipo lakini ni ya ubavuni, ina kengele na ufunguo wa mlinzi. Pata namba ya simu ya anayeushika siku hiyo hasa. Kila ukumbi wa ghorofani uliza pia njia ya moto, kwa sababu lifti huzimwa. Wakuonyeshe chumba cha kusubiria uokoaji na kiti cha kushushia ngazini, na nani amefunzwa kukitumia.

Mfuko wa kiti ubebe pampu ndogo, viraka vya pancha, tyubu moja, funguo za alen za mm 4, 5 na 6, na kamba za plastiki za kubana. Upepo wa matairi ukaguliwe asubuhi ya kutoka. Breki za viti vingi hubana tairi lenyewe, na tairi likilegea breki inafungwa lakini haishiki. Kiti kinateleza katikati ya kuhamia siti.

Gari la kurudi liagizwe kabla ya onyesho kuanza, liwe la nusu saa baada ya kumalizika, maana lifti hujaa watu wanaoweza kutumia ngazi. Likija gari la kawaida, matairi makubwa ya viti vingi huchomoka kwa kubonyeza kitufe cha katikati ya gurudumu. Mwambie dereva ayalaze juu ya mzigo, na mto usiende kwenye buti, ushike mkononi.