Dakika Moja Iliyochukua Miaka 49

Septemba 5, usiku

Nyumbani kwetu Munich ilikuwa mji wa Kipchoge Keino. Mzee wangu akisimulia Olimpiki ya 1972 alianzia Septemba 4, siku Keino aliponyakua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Ben Jipcho akamfuata na fedha. Kisha anaruka moja kwa moja hadi Septemba 10, vijana wetu wanne wa kupokezana vijiti wakachukua dhahabu nyingine. Katikati hapo, kimya. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba dhahabu ya Keino haikuwa imemaliza hata siku moja pale watu wanane wenye silaha, Wapalestina wa kundi la Black September, waliporuka ua wa kijiji cha wanamichezo, yapata saa kumi alfajiri, wakaingia Connollystraße namba 31 walikolala Waisraeli.

Katika kisa kile chote, anayenikaa akilini zaidi ni Yossef Gutfreund, mwamuzi wa mieleka, pande la mtu. Alisikia mlango ukichokorwa, akaona mtutu wa bunduki, akaukandamiza mlango kwa mwili wake wote huku akiwapigia wenzake kelele wakimbie. Sekunde alizowazuia zilimtosha mmoja kuvunja dirisha akaponyoka. Gutfreund mwenyewe hakupona. Wenzake wawili waliuawa nyumbani mle. Yeye na mateka wengine wanane waliuawa usiku uliofuata kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Fürstenfeldbruck, ambako polisi wa Ujerumani Magharibi walikwenda kuwaokoa na walenga shabaha watano dhidi ya washambuliaji wanane. Waisraeli 11 kwa jumla, na polisi mmoja Mjerumani. Mdogo wao kabisa, mwanamieleka Mark Slavin, alikuwa na miaka 18.

Wajane wao, wakiongozwa na Ankie Spitzer na Ilana Romano, waliomba kitu kimoja: dakika moja ya kunyamaza kwenye sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki. Walianza kuomba Montreal 1976.

Sasa mimi ni Mkenya, na Mkenya akisikia mwanasiasa anaunga mkono maombolezo, mkono unashuka kushika pochi. Tumewaona matangani wakigombea maikrofoni jeneza likiwa bado liko juu ya ardhi. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za 2012, mwaka wa London, nilisoma kwa jicho la pembeni. Seneti ya Marekani ilipitisha azimio bila kupingwa. Obama akaunga mkono. Bunge la Canada likaunga mkono, na Guido Westerwelle, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, naye vivyo hivyo. Novemba mwaka ule Marekani walikuwa na uchaguzi, na barua ya kuunga mkono dakika ya ukimya haimgharimu mtu chochote zaidi ya wino.

Lakini jibu walilopewa ndilo lililonifanya nibadili upande. Jacques Rogge, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisema hali ya sherehe ya ufunguzi haifai kukumbukia tukio la huzuni kama lile. Haifai? Salt Lake City 2002 bendera iliyochanika ya World Trade Center ililetwa uwanjani kwenye ufunguzi. Vancouver 2010 watu walisimama kimya kumkumbuka Nodar Kumaritashvili, kijana wa Georgia aliyekufa mazoezini siku hiyohiyo. Na usiku ule wa London wenyewe kulikuwa na sehemu ya kuwakumbuka waliotangulia. Hali iliwafaa wengine. Na Rogge si kwamba alisimuliwa tu habari za 1972. Alishiriki michezo ile akiwa mwanamashua wa Ubelgiji.

Alichokubali ni kuwakumbuka mapema kidogo, Julai 23, ndani ya kijiji cha wanamichezo, mbali na mamilioni ya watazamaji. Agosti 6, kwenye hafla ya kumbukumbu jijini London, Ankie Spitzer alisimama mbele yake akaiambia Kamati kwamba imejiaibisha. Ningelipa nauli nikamsikilize.

Hoja iliyokuwa ikirudiwa miaka yote ni ile tunayoijua: tusiingize siasa michezoni. Hapa sisi Waafrika tuna la kusema. Wiki mbili kabla ya mauaji yale, nchi za Afrika, yetu ikiwemo, zilitishia kuondoka Munich iwapo Rhodesia ya Ian Smith (Zimbabwe ya leo) ingeshiriki. Kamati ikapiga kura, 36 kwa 31, Rhodesia ikatolewa. Kisha Septemba 6, kwenye ibada ya kumbukumbu uwanjani, rais wa Kamati wakati huo, Avery Brundage, alisimama akasema michezo hii imepata mashambulizi mawili ya kinyama: lile la Rhodesia, na hili. Nimeisoma hotuba hiyo mara kadhaa, kila mara nikidhani nimeelewa vibaya. Kukataa kwetu utawala wa ubaguzi kuliwekwa kapu moja na kuua watu waliofungwa kamba. Halafu akatangaza kwamba michezo lazima iendelee, na siku hiyohiyo ikaendelea.

Kwa hiyo siasa ilikuwemo tangu mwanzo. Hata bendera zilizoshushwa nusu mlingoti, nchi za Kiarabu zilikataa za kwao zisishushwe, na zikapandishwa tena. Kunyima dakika moja kwa miaka yote ile kulikuwa kuogopa watakaoinuka na kutoka.

(Najua kuna atakayeniandikia kuniuliza mbona siandiki kuhusu Gaza. Nimeandika, na nitaandika tena. Gutfreund hadaiwi chochote katika hesabu hiyo.)

Tofauti ninayoiona kati ya Rhodesia na wajane wale ni bei. Afrika ilisema: hatuchezi. Kamati ikahesabu medali na viti vitupu, ikakubali ndani ya siku chache. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, zilisusia kwelikweli. Filbert Bayi akabaki nyumbani na rekodi yake ya dunia ya mita 1500. Iliuma, lakini hakuna aliyedhani tunatania. Mwaka 2012 sikuona serikali hata moja ikisema isipopewa dakika ile timu yake haitaandamana uwanjani. Walituma salamu za pole zenye nembo ya taifa.

Dakika ilipatikana Tokyo, Julai 23, 2021, chini ya Thomas Bach, rais wa Kamati wakati huo na mchezaji wa vitara wa zamani. Andre, mume wa Ankie, alikuwa kocha wa mchezo huohuo. Wajane wale wawili walikuwa uwanjani.

Mwaka uliofuata Ujerumani ikajiandaa kuadhimisha miaka 50. Familia zikasema fidia mnayotoa ni matusi, hatuji. Siku chache kabla ya hafla yakapatikana makubaliano ya euro milioni 28, na Rais Steinmeier akasimama Fürstenfeldbruck kuomba msamaha. Miaka hamsini ya barua, kisha tishio la kutokuja likafanya kazi ndani ya mwezi mmoja.

Nikiwaza haya nafikiria Januari 2010, basi la timu ya soka ya Togo lilipomiminiwa risasi Cabinda, nchini Angola, likielekea Kombe la Mataifa ya Afrika. Kocha msaidizi Amelete Abalo na msemaji wa timu Stanislas Ocloo wakafa. Serikali ya Togo ikawarudisha wachezaji nyumbani, na CAF ikaifungia nchi hiyo mashindano mawili kwa kosa la kujiondoa, adhabu iliyofutwa baadaye. AFCON ya 2027 tumepewa sisi tuiandae pamoja na Tanzania na Uganda. Mbunge wangu hajawahi kukosa matanga hata moja kwenye eneo lake, kwa hiyo nimeamua kumwandikia nimuulize kama anaweza kuwaombea hawa wawili dakika moja kwenye ufunguzi, na kama CAF ikikataa, serikali yetu iko tayari kufanya nini. Akijibu nitawaambia.