libasound2 imekwenda wapi?

Jumatano, usiku

Katika maneno yote ya apt, amri ya kusakinisha programu kwenye Ubuntu, linalopoteza watu zaidi ni lile la mwisho: "you have held broken packages". Ukilisoma unadhani kuna kifurushi (programu au kipande chake kilichofungwa tayari kusakinishwa) ulichokizuia mwenyewe kisibadilishwe. Andika apt-mark showhold uone. Mara nyingi hakuna kitu. Habari yenyewe iko mistari michache juu, penye neno Depends: hapo hutajwa tegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu yako inavihitaji.

Chukua mfano wa libasound2, maktaba ya sauti, yaani msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja. Faili la .deb (kifurushi unachopakua mwenyewe) lililoandaliwa enzi za Ubuntu 22.04 huidai kwa jina hilo. Kwenye 24.04 maktaba ile ile ya sauti inaitwa libasound2t64. Hiyo t64 ni habari ya saa: mifumo inayohesabu sekunde kwa biti 32 itafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, ndipo maktaba zikajengwa upya na kupewa majina mapya, za zamani zisichanganyike nazo. Kichekesho ni kwamba kompyuta za biti 64 hazikuwa na tatizo hilo tangu mwanzo. Zimebadilishiwa jina tu.

Basi libasound2 imebaki jina tupu, na vifurushi viwili vinaliitikia: libasound2t64 na liboss4-salsa-asound2. Apt ikiangukia hicho cha pili, usakinishaji unapita bila kelele, halafu programu inagoma kufunguka ikidai ALSA_0.9, alama ya toleo inayoitafuta ndani ya maktaba ya sauti, haipo. Afadhali kosa linalojitangaza mapema. Tanguliza hii kabla ya kugusa .deb:

sudo apt install libasound2t64

Kisha:

sudo apt install ./programu.deb

Usisahau ile ./ mwanzoni, la sivyo apt itakitafuta kifurushi kwenye hazina zake za mtandaoni badala ya folda uliyomo. Wengi bado wanatumia dpkg -i, amri nyingine ya kusakinisha .deb, ambayo haileti tegemezi hata moja. Inaacha kifurushi kimekaa nusunusu, na kila apt inayofuata inalalamika. Hapo ndipo sudo apt --fix-broken install inapofaa, ila ujue kwamba tegemezi isipopatikana kabisa, "kutengeneza" kwake ni kuking'oa kifurushi ulichokitaka.

Kuingiza hazina za 22.04 ndani ya 24.04 ili kupata jina la zamani ni kujitafutia balaa. Na popote utakapoulizwa Y au n, soma kwanza orodha iliyo chini ya REMOVED. Ukiona gdm3 (skrini ya kuingilia) au gnome-shell (eneo-kazi lenyewe) humo, bonyeza n.