Kutoka Rafu ya 896 Hadi Mlango wa Msonge: Siku Moja ya Mkutubi wa Mwanza

Saa 11 alfajiri nyumba yetu ya Nyegezi bado imelala, na nusu saa iliyobaki kabla ya kuwasha jiko ndiyo pekee katika siku nzima ambayo hakuna mtu anayeniuliza kitu. Huitumia kusoma. Mwezi huu narudia kwa mara ya tatu riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, katika nakala aliyotuachia marehemu baba mkwe, ambaye alikuwa akivuka nayo ziwa kila alipokwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na kurudi. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya kisa chenyewe: mume na mke ambao hawajajaliwa mtoto, wazazi wanaomchukua binti yao kwa sababu ya maneno makali ya ndugu wa mume, na Myombekere anayefunga safari kwenda kumwomba mkewe arudi, akatozwa faini ya pombe ya ndizi. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya Kiswahili chake, ambacho kimebeba pumzi ya Kikerewe katika kila ukurasa. Safari hii naisoma nikiwa na penseli mkononi na daftari ubavuni, kwa sababu ninajenga nyumba.

Nyumba yenyewe imo ndani ya kompyuta. Ni ya Minecraft, ule mchezo wa ulimwengu wa vitalu ambamo kila kitalu ni mita moja kwa mita moja kwa mita moja, na ambamo mchezaji anaweza kuchimba, kulima, kufuga na kujenga chochote anachokiwaza. Mimi na mwanangu wa darasa la sita tunajenga humo mji mmoja wa Ukerewe ya zamani, yaani makazi ya familia moja, wenye msonge, ua, zizi na migomba, kwa kufuata kile alichokiandika Kitereza na kile anachokikumbuka mama mkwe. Nilivutwa na mchezo huu baada ya kusoma kwamba shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lenye makao makuu jirani zetu Nairobi, limekuwa likiutumia tangu mwaka 2012 kuwapa wakazi wa kawaida nafasi ya kuonyesha jinsi wanavyotaka viwanja na masoko yao yawe. Nikajiuliza: kama mtu anaweza kuutumia kuwaza uwanja ambao haujakuwepo, kwa nini asiutumie kuurudisha mji ambao haupo tena?

Saa 12 na nusu watu wote wameamka. Mume wangu aliondoka saa 10 usiku kwenda Mwaloni, Kirumba, anakonunua dagaa wa jumla, kwa hiyo chai na viazi vitamu tunavipata sisi wanne: mama mkwe, binti yangu wa kidato cha tatu, mwanangu na mimi. Watoto wanamwamkia bibi yao, naye kabla hajamaliza kuitikia marahaba tayari ameshaulizwa swali. Leo ni kuhusu paa.

"Bibi, paa la msonge lilikuwa linafika wapi? Linaishia juu ya ukuta au linashuka?"

Mama mkwe anaweka kikombe chini. "Linashuka, mjukuu wangu. Mvua ya ziwani inakuja kwa pembeni. Paa likiishia juu ya ukuta, ukuta unaliwa." Kisha anaongeza maneno mawili matatu ya Kikerewe ambayo binti yangu anayaandika upesi nyuma ya daftari lake la kemia, kwa kuwa yeye ndiye aliyejipa kazi ya kukusanya majina ya sehemu za nyumba. Kwa kweli sikumwomba.

Daladala ya saa 1 na robo inanifikisha mjini mapema kidogo, na saa 2 kamili ninafungua mlango wa maktaba. Foleni ipo tayari. Mwezi wa kumi wengi wao ni watahiniwa wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa mtihani wa Novemba, ambao huja na madaftari yao wenyewe na wanachokitafuta kwetu ni meza, mwanga na ukimya. Wapo wanaosema kwamba huko si kuitumia maktaba. Mimi sikubaliani nao hata kidogo: mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu watano amekuja kutafuta kitu ambacho nyumbani hakipo, na akikaa miezi mitatu karibu na rafu, siku moja mkono wake utanyooka kuchukua kitabu. Nimeliona hilo mara nyingi. Natundika magazeti ya siku, nageuza tarehe kwenye muhuri, na kazi inaanza.

Kuanzia saa 3 hadi saa 6 huwa ninashughulikia vitabu vipya na vilivyochakaa. Leo ni vipya kumi na vinne, na kila kimoja kinahitaji kuingizwa katika daftari la kupokelea, kupigwa muhuri, kupewa namba na kubandikwa lebo mgongoni. Ni hapo kwenye namba ndipo ninapopata uchungu ambao miaka yote ya kazi haijauondoa. Mpango wa Dewey wa kuvipanga vitabu vya maktaba kwa namba, uliotolewa Marekani mwaka 1876 na ambao sehemu kubwa ya dunia inaufuata, umeipa fasihi ya Kiingereza namba zote za 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840, na hata Kilatini, ambacho leo hakuna mtoto anayebembelezewa usingizi kwacho, kimeachiwa 870 nzima. Fasihi za lugha nyingi za asili za Afrika kusini mwa Sahara zimebanwa kwenye 896 moja, na Kiswahili chetu kinapatikana baada ya nukta, kwenye 896.392. Tokeo lake naliona kwa macho ninaposhika diwani jembamba la mashairi: lebo ya namba ndefu hivyo haikai mgongoni, inabidi niikunje au niibandike juu ya jalada, mahali ambapo msomaji anayepita kando ya rafu hawezi kuisoma. Kitabu kisichosomeka mgongo huombwa mara chache. Ndiyo maana rafu yetu ya 896 nimeihamishia karibu na mlango, kwenye usawa wa macho, ingawa mpangilio wa namba ungeipeleka ndani kabisa.

Kisha vilivyochakaa. Riwaya moja inayosomwa sana sekondari imenirudia ikiwa vipande vitatu. Nailaza juu ya meza, nasugua gundi kavu ya zamani kwa ncha ya kisu butu hadi mishono ionekane, nalinganisha kurasa kwa kuzigongesha mezani, napaka gundi nyeupe kwa brashi nyembamba kuanzia katikati kwenda pembeni, nalaza kipande cha shashi, napaka tena, kisha naiweka chini ya juzuu mbili nzito za kamusi hadi kesho. Kazi hii huchukua dakika arobaini, na hakuna anayeihesabu katika taarifa ya mwezi, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mkono unapokuwa kwenye mgongo wa kitabu unajua ni ukurasa upi uliofunguliwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo uzi ulipolegea.

Saa 7 mchana anaingia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye huja kila Alhamisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kezilahabi yupo?"

Yupo, na mzee anamjua vizuri kuliko mimi. Anachukua Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, na kusimulia, kama anavyosimulia kila mara, jinsi riwaya hiyo ilivyowahi kupigwa marufuku shuleni na jinsi wanafunzi walivyoisoma kwa kuficha, kisha ikaja kusomwa darasani. Namsikiliza mpaka mwisho. Huwa inanigusa kwamba kisiwa kimoja cha Ukerewe kilimzaa Kitereza mwaka 1896 na Kezilahabi mwaka 1944. Mmoja alitaka kuhifadhi maisha ya wazee kabla hayajasahaulika, na mwingine alitaka kuyauliza maisha hayo maswali magumu. Mzee anampenda wa pili, mimi nampenda wa kwanza, na ubishi huo umetupa urafiki mzuri.

Namwambia kwa nini nampenda. Kitereza alimaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na hakupatikana wa kuichapa. Akiwa ameshakuwa mzee, akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Miaka 35. Yeye akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kila ninapogonga muhuri kwenye kitabu kipya huwa nafikiria mtu aliyekaa na mswada ndani ya nyumba kwa miaka yote hiyo na hakuacha kuamini kwamba upo msomaji wake. Mzee ananyamaza kidogo, kisha anasema atakisoma tena. Nampa nakala.

Saa 9 alasiri wanaingia watoto wa shule za msingi, na kona yao inajaa kelele ambazo siwezi kuzikemea kwa moyo wote. Kompyuta za kuchezea hatuna, lakini nimegundua kwamba Minecraft inachezeka hata kwa penseli. Nawagawia karatasi za miraba zilizobaki kutoka madaftari ya hesabu na kuwauliza: msonge ni wa mviringo, nasi tuna vitalu vya mraba tu, tutafanyaje? Wanajaribu, wanafuta, wanabishana, hadi msichana mmoja wa darasa la tano anapopata mpangilio wake na kuanza kuuhesabu kwa sauti, na wenzake wanamfuata kama wanaimba: "Tatu, tano, saba, saba, saba, tano, tatu!" Ukiipaka rangi miraba hiyo 37 mstari kwa mstari na kuisogeza karatasi mbali kidogo na macho, unaona duara. Baada ya hapo nawasomea aya mbili za Kitereza kuhusu maisha ya nyumbani kwa Myombekere, nao wanasikiliza kwa namna ambayo hawasikilizi hadithi nyingine, kwa sababu sasa sakafu ya nyumba hiyo wanayo mapajani.

Saa 11 jioni nafunga. Njiani nanunua nyanya na mchicha. Dagaa tunao siku zote.

Mume wangu ameshaamka kutoka usingizi wake wa mchana na ndiye anayesonga ugali. Tunakula pamoja saa 1 na nusu usiku, na kanuni ya nyumba yetu ni kwamba mazoezi ya shule yamalizike kwanza, kisha kompyuta mpakato hufunguliwa kwa saa moja, haizidi. Kuna rafiki zangu wanaoona ajabu kwamba mama wa watu anacheza mchezo wa watoto. Nawaelewa, lakini ningependa waone kilichomo. Humo ndani kitabu kina gharama: karatasi hutoka kwenye miwa, unahitaji karatasi tatu na ngozi moja kukipata kimoja, na rafu inahitaji vitabu vitatu na mbao sita. Kuna hata wanakijiji ambao kazi yao ni ukutubi, na mwanangu alipomgundua wa kwanza alinikimbilia jikoni kuniita.

Kwa kuwa mchezoni hatupokei vitu vya bure, tumekuwa tukilima humo humo. Paa letu lina tabaka nne, la chini vitalu 37, la pili 21, la tatu 5 na kilele kimoja, jumla marobota 64 ya majani makavu. Kila robota moja ni ngano 9, yaani ngano 576, ambazo tumezivuna kwa majuma matatu. Mama mkwe, anayekaa nyuma yetu kwenye kiti chake, hajaridhika na ngano. "Sisi tulilima mtama na uwele," anasema, na mwanangu anamwahidi kwamba ngano ni ya paa tu.

Leo usiku tumeweka robota la mwisho. Tumelishusha tabaka la chini lipite ukuta, kama Bibi alivyosema asubuhi, na mwanangu akamtembeza mtu wake kuuzunguka msonge mara mbili, kisha akamwingiza ndani.

"Ngoja," akasema mama mkwe. "Ameingiaje akiwa amesimama?"

Tukamtazama.

"Mlango wa nyumba yetu ulikuwa mfupi. Mgeni anainama. Hata awe nani, anainama kwanza, ndipo anasalimia."

Mwanangu akaeleza kwamba mtu wa mchezo huu anakaribia vitalu viwili kwa urefu, na mlango wa kitalu kimoja hawezi kuupita kabisa. Binti yangu, ambaye alikuwa akijifanya anasoma, akaja akasimama nyuma yetu. Yeye ndiye aliyekumbuka nusu kitalu. Tukakitundika juu, ndani ya uwazi wa mlango, ukabaki mita moja na nusu. Mwanangu akamwendesha mtu wake moja kwa moja, naye akagonga na kukwama. Kisha akabonyeza kitufe cha kuinama, na yule mtu akateremsha kichwa, akapita.

"Hodi," akasema mwanangu.

"Karibu," akaitikia bibi yake, na hakuwa anaangalia kioo cha kompyuta, alikuwa anamwangalia yeye.

Saa 4 usiku nimeandika daftarini ukurasa tuliofikia. Kesho ni zizi.